Gharama ya Boti ya Futi 30

Livingstone ilikuwa boti ya mvuke yenye urefu wa futi 30, yaani mita 9 na kidogo. Iliundwa Uingereza mwaka 1912, ikaletwa Uganda, ikabeba watu na mizigo kwenye Nile na Ziwa Albert kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1951 ilipewa jina la kuigizia, African Queen, wakapandishwa juu yake Humphrey Bogart, mwenye miaka 51, na Katharine Hepburn, aliyekuwa ametimiza 44. Filamu iliyotoka humo ina dakika 105, na kwa sehemu kubwa ya dakika hizo hatuoni mtu mwingine ila hao wawili. Hakuna kasri wala vita vya maelfu ya askari. Mavazi yao yangeenea kwenye sanduku moja.

Na bado The African Queen iligharimu takriban dola milioni 1. Ukizipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani, ni kama dola milioni 12 za leo. Mtu ana haki ya kuuliza zilikwenda wapi. Kwa hesabu ninayoifanya hapa, pesa nyingi zililiwa na umbali, na waliobeba sehemu kubwa ya deni la umbali huo ni waigizaji wenyewe, kwanza kwa mikataba yao, kisha kwa afya zao. Anayejua hilo huitazama filamu hii kwa jicho jingine.

Kwanza tuipime dhidi ya wenzake. Gone with the Wind ya mwaka 1939 ilimaliza dola milioni 3.85. King Solomon's Mines, ambayo MGM ilikuja kuipigia picha Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, ikatoka 1950, ilikula dola milioni 2.26. Mogambo ya 1953, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, ilifika milioni 3.1. Miaka kumi hivi baadaye John Wayne alikuja Arusha na Momella kwa ajili ya Hatari!, na bajeti ilikuwa imeshapanda hadi takriban milioni 6.5. Kwa hiyo boti yetu ilisafiri kwa chini ya nusu ya gharama ya ile ya bei nafuu kuliko zote zilizofika huku. MGM ilikuwa na hazina yake, mafundi wake wa kudumu na kumbi zake za sinema. Hii ya kwetu haikuwa na studio kubwa nyuma yake. Ilikuwa na mtayarishaji mmoja, Sam Spiegel, mjanja wa kutafuta pesa, na muongozaji John Huston, ambao kwa pamoja walimiliki kampuni ndogo iliyoitwa Horizon.

Hadithi yenyewe ilikuwa riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Warner Bros. iliikalia kwa miaka, ikafikiria kumpa Bette Davis nafasi ya Rose, halafu ikaiacha kabatini. Spiegel aliinunua kwa dola 50,000, yaani senti 5 katika kila dola ya bajeti. Rose ni dada wa mmisionari Mwingereza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Septemba 1914. Kaka yake anafariki baada ya Wajerumani kuchoma kijiji. Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye boti chakavu, anamchukua, naye Rose anamshawishi wateremke mto hadi ziwani wakaizamishe manowari ya Kijerumani.

Forester hakuitoa hewani. Ziwa Tanganyika lilikuwa na vita vyake, na vita hivyo navyo vilikuwa hesabu ya umbali. Meli Graf von Götzen, yenye urefu wa takriban mita 70, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye masanduku 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati ya kilomita 1,250 hadi Kigoma, ikaungwa tena na kuteremshwa majini Februari 1915. Waingereza walijibu kwa boti mbili za futi 40, Mimi na Toutou, na watu 28 chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Boti hizo zilipandishwa kwa reli kutoka Cape Town, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba huko Kongo, na tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata Kingani ya Wajerumani. Tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe haikupigwa nazo; Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisishike kutu. Iliopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watu wa Kigoma wanaijua bila kuhitaji Hollywood iwaeleze. Mwaka ule Bogart anaigiza kuizamisha, Liemba ilikuwa ikiendelea na kazi yake ya kubeba abiria. Kwenye filamu nafasi yake ilichukuliwa na Buganda, meli ya kukokota ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki.

Turudi kwenye mfuko. Ndugu wawili wa London, John na James Woolf wa kampuni ya Romulus, walitoa pauni 250,000. Pauni wakati huo ilikuwa dola 2.80, kwa hiyo walileta kama dola 700,000. Kwa sarafu iliyotumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ambako pauni moja ilikuwa shilingi 20, hiyo ni shilingi milioni 5.

Kwa nini pauni, wakati nyota ni Wamarekani? Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na njaa ya dola. Makubaliano ya mwaka 1948 yaliziruhusu kampuni za filamu za Marekani kuondoa dola milioni 17 tu kwa mwaka kutoka kwenye mapato yao ya Uingereza. Pauni zilipatikana, dola zilibanwa. Sasa fikiria faida ya kupiga picha Uganda kwa mwenye pauni: shilingi ya Afrika Mashariki ilifungamana na pauni, hivyo mhasibu wa London aliyelipia kuni, chakula au vibarua Butiaba, kwenye Ziwa Albert, hakuhitaji hata dola moja. Wapiga picha walikuwa Waingereza, wakiongozwa na Jack Cardiff, na kazi iliyobaki ingemalizikia kwenye studio za Isleworth, kando ya London. Kote huko pauni ilifanya kazi. Mzigo wa dola ulibaki upande wa Horizon, nao ulikuwa na majina matatu: Huston, Bogart, Hepburn.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Mkataba wa Bogart na Warner Bros. ulimpa dola 200,000 kwa kila filamu. Lau angedai bei yake ya kawaida, na Hepburn naye akadai hiyo hiyo, dola 400,000 zingekwenda kwa watu wawili kabla kamera haijafunguliwa sandukuni. Ni asilimia 40 ya bajeti nzima. Filamu isingekuwepo. Wote wawili wakakubali sehemu ya malipo yao isubiri, na wapewe mgao wa faida kama faida itapatikana. Kwa lugha ya biashara, waliikopesha filamu kazi yao. Mwaka 1999 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilipopanga nyota wakubwa wa zama za kale, namba 1 kwa wanaume alikuwa Bogart na namba 1 kwa wanawake alikuwa Hepburn. Spiegel aliwapata wote wawili kwenye boti moja, kwa ahadi.

Ahadi hiyo ilinunua nafasi ya kwenda mbali. Eneo la kwanza lilikuwa mto Ruiki, karibu na Biondo, upande wa Ponthierville, mji unaoitwa sasa Ubundu, kusini mwa Kisangani. La pili lilikuwa Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Huston alitaka mto halisi wenye jua halisi. Spiegel alitaka rangi, kwa sababu rangi iliuza tiketi. Matakwa haya mawili ukiyaweka pamoja kwenye mto mwembamba wa Kongo, kila moja linamzidishia mwenzake gharama, na hapa inafaa tutulie kidogo.

Rangi ya Technicolor ya wakati ule haikurekodiwa kwenye mkanda mmoja. Ndani ya kamera kulikuwa na kioo cha kugawa mwanga, na nyuma yake mikanda mitatu iliyokimbia kwa pamoja, mmoja kwa kila rangi ya msingi. Filamu ya milimita 35 hula futi 90 kwa dakika. Mara tatu, ni futi 270, sawa na mita 82 za mkanda kwa kila dakika moja ya kuigiza, hata kama mwigizaji amekosea neno na dakika hiyo ikatupwa. Kasha la futi 1,000 linakwisha kwa dakika 11. Dakika 105 tunazoziona leo, peke yake, ni kilomita 8.6 za mkanda hasi, bila kuhesabu majaribio yaliyoachwa. Na kamera hizo hazikuuzwa. Dunia nzima haikuwa nazo hata 40, kampuni ilizikodisha, tena pamoja na mafundi wake.

Kamera iliyogawa mwanga mara tatu ilihitaji mwanga mwingi. Chini ya miti ya Ruiki, mchana kweupe, uso wa mtu chini ya kofia huwa mweusi tii kwa Technicolor. Kwa hiyo taa zikahitajika. Taa zikataka jenereta. Jenereta haikai kwenye boti ya futi 30. Huston akaeleza jinsi walivyoitatua: vyelezo vinne vikavutwa na boti. Cha kwanza kilibeba mfano wa African Queen, ambao pande zake ziling'oleka ili kamera ile kubwa ipate pa kusimama. Cha pili kilibeba taa na vifaa. Cha tatu jenereta. Cha nne kilikuwa cha Hepburn: chumba cha kubadilishia nguo, choo, na kioo kirefu cha kujitazama.

Boti ikashindwa kuvuta. Msafara ulikuwa mzito mno kwa injini yake, na katika kona za mto vyelezo vilijibamiza kwenye kingo. Kilichokatwa ni cha nne. Chelezo cha jenereta kingekatwa, filamu ingebaki bila uso. Kilipokatwa cha Hepburn, kilichopotea ni starehe ya mwanamke mmoja, naye akabaki na kipande cha kioo kilichovunjika. Hayo ndiyo maamuzi ya bajeti yalivyofanyika mtoni: rangi ilidai mwanga, mwanga ukadai uzito, na uzito ukalipwa na mwigizaji. Kwenye ule mfano wa boti, boila ya shaba haikufungwa sakafuni kwa sababu ilipaswa kusogezwa kupisha kamera. Siku moja nusura imwangukie Hepburn.

Kisha yakaja maradhi. Malaria na kuhara viliwapitia karibu wote. Bogart na Huston walinusurika, na Bogart alipenda kusema ni kwa sababu wao walikunywa wiski badala ya maji. Hepburn alishikilia maji, akaugua kuliko wengi. Tukio la mwanzo la filamu linamwonyesha akipiga kinanda kanisani, mgongo umenyooka, kola imefungwa hadi kooni. Pembeni, nje ya jicho la kamera, paliwekwa ndoo ya kutapikia. Tazama uso wake katika tukio hilo ukijua hivyo. Rose anapaswa kuwa mwanamke anayejizuia, mwenye imani kali na jasho jingi, na Hepburn anazuia kitu kweli. Sisemi ugonjwa ni sanaa. Nasema mwigizaji wa daraja lake alijua namna ya kukifanya hata kichefuchefu kimtumikie mhusika, na ustadi huo haumo katika mstari wowote wa bajeti.

Lauren Bacall, mke wa Bogart, hakuwa na nafasi kwenye filamu. Alifuatana na mumewe, akaugeuza muda wake kuwa kazi ya kupika na kuuguza. Hakuna mhasibu aliyeyaandika hayo pia.

Karibu nusu ya filamu ilipigwa Uingereza. Ni uamuzi wa fedha na wa usalama kwa pamoja, kwa sababu maji ya Afrika yalikuwa na kichocho na mamba, na hakuna bima ya kumtumbukiza humo Bogart. Kila mahali unapowaona wamezama kifuani, ni tangi la Isleworth. Lile tukio mashuhuri la ruba, Charlie anapotoka majini wakiwa wamemganda mwilini, akatetemeka, kisha akarudi kuivuta boti kwa sababu hakuna njia nyingine, lilifanyika kilomita zaidi ya 6,000 kutoka mto anaouogopa. Robert Morley, aliyeigiza kaka wa Rose, hakutia mguu Afrika kabisa. Sehemu zake zote zilipigwa Uingereza, na Afrika ikaunganishwa baadaye. Kati ya waigizaji wakuu, basi, tiketi za Afrika zilikatwa mbili tu. Huko ndiko akiba ilikopatikana, na ndiyo sababu milioni 1 ilitosha.

Bogart anastahili aya yake. Kwa miaka kumi alikuwa ameuzwa kama mtu mgumu aliyevaa koti la mvua, kuanzia The Maltese Falcon ya 1941, ambayo pia ni ya Huston. Hapa anaonekana na ndevu za siku tatu, tumbo linanguruma mezani mbele ya wamisionari, anamwiga kiboko ili kumchekesha mwanamke. Riwaya ilimfanya Charlie mtu wa London. Filamu ikamfanya Mkanada, ili Bogart asilazimike kuiga lafudhi. Mabadiliko hayo hayakugharimu hata senti, na yalimwachia nguvu zote kwa kazi ya uso na mwili. Filamu ilikimbizwa hadi ikaonyeshwa Los Angeles tarehe 26 Desemba 1951, siku chache kabla mwaka haujafunga mlango wa Oscar. Machi 1952 A Streetcar Named Desire ilibeba tuzo tatu kati ya nne za uigizaji. Ya nne, ambayo wengi waliona ni ya Marlon Brando wa filamu hiyo hiyo, ilikwenda kwa Bogart. Ndiyo Oscar yake pekee.

Mauzo yaliyotajwa zaidi ni dola milioni 10.75. Mtu asikimbilie kugawa kwa moja akasema faida ni mara kumi: mwenye ukumbi hubakiza sehemu yake, kwa kawaida kama nusu, msambazaji hukata yake, nakala na matangazo hukatwa, ndipo wenye mgao waitwe. Hata hivyo kilichobaki kilikuwa kingi, na waliokubali kusubiri hawakusubiri bure. Aliyekosa ni Huston. Aliuvunja ushirika wake na Spiegel kwa ushauri wa watu wake, na katika kitabu chake cha maisha cha 1980 alieleza kwamba filamu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizofanikiwa sana maishani mwake, na pesa zote zikabaki kwa Sam.

Kuna waliokosa zaidi yake. Kambi ya Biondo ilijengwa na mikono ya Wakongo. Kijiji cha Kungdu kilichochomwa mbele ya kamera kilisimamishwa na Waganda, na waumini wanaojaza kanisa la mwanzo ni watu wa huko huko. Katika orodha ya waigizaji hakuna jina la Mwafrika hata mmoja. Mtu asiniambie ndivyo zama zilivyokuwa: mwaka mmoja kabla, King Solomon's Mines ilikuwa imewaandika Siriaque, Mtutsi, na Kimursi, Mkipsigis, kwenye orodha yake. Wino wa majina ni rahisi kuliko mkanda wa Technicolor. Nampenda Hepburn kwenye kinanda kile, na kila ninapoitazama filamu hii nawatazama pia wale walio kwenye mabenchi, wakiimba wimbo ambao si wao.

Kwa anayetaka kuiona, nakala ya kutafuta ni ile iliyotolewa mwaka 2010. Mafundi walirudi kwenye mikanda mitatu ya asili, wakaipiga picha upya mmoja mmoja kwa kompyuta, wakailinganisha hadi rangi zikakaa pale zilipotakiwa. Kwenye nakala za zamani nyuso zilikuwa na ukungu wa rangi pembeni, kwa sababu mikanda hiyo hunywea kwa viwango tofauti kadiri miaka inavyopita. Sasa jasho la Bogart ni jasho. Unaweza hata kutenganisha kwa macho: mwanga mkali wenye vivuli vya majani vinavyocheza usoni ni Ruiki, na mwanga uliotulia, wenye mto unaokimbia nyuma yao kama pazia, ni Isleworth. Anza na tukio la baada ya maporomoko ya kwanza, Rose anapokiri kwamba hakuwahi kujua mwili unaweza kuhisi hivyo. Charlie alitegemea amwone amekufa kwa hofu. Anamtazama kwa sekunde kadhaa bila la kusema, na hapo ndipo mapenzi ya filamu yanapoanza, kwenye uso wa mwanamume wa miaka 51 aliyekubali kulipwa baadaye.